Mkono Usio na Mwenyewe

Ninyi vijana mnaoniletea simu zenu niwasifie, leo naanza mimi kuuliza. Dada zenu wana miguu? Nauliza kwa sababu nimeonyeshwa picha za harusi za nusu ya kambi yetu ya Dzaleka, na kwa ushahidi wa picha hizo wanawake wetu wote huishia magotini. Bibi harusi amekatwa gotini. Msimamizi wake amekatwa kwenye vifundo vya miguu. Pembeni kabisa kuna mtoto ambaye amebaki nywele tu. Nikiuliza ni nani aliyefanya ukatili huu, naambiwa, "Papa Bahati, ni staili." Haya, staili. Mchinjaji naye ana staili yake, lakini yeye akikata kwenye kiungo ana sababu, anataka kuuza nyama.

Nimepiga picha sehemu kubwa ya maisha yangu, hapa kambini na kule Lilongwe, mpaka macho yalipoanza kunionyesha wachungaji wawili mahali aliposimama mmoja. Mmoja alikuwa ananitosha. Sasa sipigi tena. Nakaa nyumbani, natazama kazi zenu na kucheka, shughuli ambayo haihitaji betri. Lakini kucheka peke yangu kumenichosha, kwa hiyo nitawaambia ninachojua juu ya kukata picha: wakati gani ukate, wakati gani mkono wako ukae mbali na kipanya, na jinsi picha moja iliyokatwa kijinga ilivyosimamisha harusi ya watu.

Aliyenifundisha ni Bambo Mbewe, yaani Bwana Mbewe, Mmalawi aliyekuwa na studio ndogo mtaa wa Area 47, Lilongwe. Aliwahi kuishi Mbeya, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na hakuacha siku ipite bila kunikumbusha. Nilifika kwake na kamera ya filamu niliyovuka nayo ziwa kutoka Uvira, kwetu Kongo, najiona fundi. Akaomba nimwonyeshe kazi. Nikampa picha niliyojivunia kuliko zote: shemasi wa kanisa letu, amesimama wima, Biblia kifuani, na nguzo ya antena iliyokuwa nyuma yake inamtoka katikati ya kichwa. Mimi nguzo sikuwahi kuiona. Bambo Mbewe akaisogeza picha karibu na dirisha.

"Shemasi wako huyu anakamata redio ya wapi?" akauliza.

Wateja wakacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akanitoa nje, akanisimamisha mbele ya geti la jirani na kunipa somo ambalo ninyi hamjalipata mpaka leo. Alisema mkasi wa kwanza wa mpiga picha ni miguu yake. Mtu akionekana mdogo, msogelee. Nguzo ikimtoka kichwani, hama wewe, maana nguzo haihami. Na kabla hujabonyeza, pitisha jicho kwenye pembe zote za picha, kama mtu anayekagua madirisha kabla ya kufunga nyumba na kusafiri.

Enzi za filamu tulitii, kwa sababu kila ulipobonyeza kitu kilikuwa kimeondoka mfukoni mwako. Ukikosea, umekosea. Dijitali ilipokuja, watu wakaanza kupiga picha kama wanaomwaga maji ya kuoshea vyombo, wakisema watakata baadaye. "Baadaye" ndiyo imekuwa kamera yenu kubwa.

Msidhani nachukia kukata. Zipo picha zinazolilia mkasi. Kidole chako kikiingia kwenye kona, kata. Niliwahi kupiga ubatizo mtoni, mchungaji kanyanyua mikono, mama anatoka majini analia kwa furaha, na nyuma ya mchungaji kijana wa kabaza anapita na baiskeli yake, amebeba nguruwe aliyefungwa kwenye kiti cha abiria. Yule nguruwe alikuwa anatazama kamera kuliko wote. Nilimkata bila huruma, na yule mama mpaka leo hajui kwamba aliokoka pamoja na nguruwe.

Ukikata, kata panapokatika. Usikate mtu kwenye kifundo, kwenye goti, kwenye kiwiko wala kwenye shingo. Kata katikati ya paja au katikati ya kifua, jicho litakubali na kuendelea na safari. Mtu akitazama kushoto, mwachie nafasi kushoto, asije akaonekana amebanwa uso kwenye ukuta. Usibakishe kipande kidogo sana kisha ukataka picha kubwa: zile kamera zetu za kwanza zilikuwa na nguvu ndogo, ukichukua uso mmoja kutoka kwenye kundi na kuukuza, unapata vigae vya bafuni vyenye macho.

Na acheni hewa pembeni, kwa sababu mashine ya studio nayo ina mkasi wake na haiulizi mtu. Hilo nililijua kwa kupigiwa kelele. Kwaya ya akina mama ilinipa kazi nikiwa nimepata kamera ya dijitali kwa mara ya kwanza. Nikawajaza vizuri, vilemba vimegusa juu, viatu vimegusa chini, hakuna nafasi iliyopotea. Sikujua kwamba umbo la picha ya kamera ile halikulingana na umbo la karatasi ya studio. Mashine ikaivuta picha ijaze karatasi, na kilichozidi juu na chini ikakila. Nikawapelekea kwaya isiyo na vilemba wala viatu.

"Papa Bahati," kiongozi wao akaniambia, picha ameishika kwa ncha za vidole, "bilemba tulishona juu ya hii foto. Sasa we umetuletea mashingo. Mashingo tulikuwa nazo."

Nilirudia kazi yote.

Huo ulikuwa ujinga, na ujinga unatibika. Kuna kukata kwingine ambako si ujinga. Mchungaji mmoja aliniita nipige ibada yake, kanisani watu wa kuhesabika na benchi zimekaa zenyewe zikisikiliza mahubiri. Akaniomba nikate zile tupu ili marafiki wa kanisa walioko ng'ambo waone nyumba ya Bwana imejaa. Nikamwuliza kama Bwana mwenyewe naye nimkatie benchi hizo asizione. Hakuniita tena.

Akaja mgeni mwenye fulana ya shirika, fulana imepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Akapiga picha watoto wanacheza mpira, wanacheka, na mmoja tu analia kwa sababu wenzake wamemnyang'anya zamu ya kuwa kipa. Jioni nikamkuta na kompyuta yake mapajani, anakata. Akakata wale wanaocheka, akakata mpira, akakata goli la matofali, akabaki na machozi. Nikamwambia, "Huyu analilia mpira." Akanijibu kwa upole mkubwa kwamba mimi sielewi picha. Inawezekana. Mtoto nilimwelewa.

Lakini msikimbilie kuwacheka wageni peke yao. Sisi wenyewe hapa Dzaleka tulikuwa mabingwa. Mtu anakimbia vita Kivu, anafika hapa na roho yake tu, anajenga nyumba ya matofali ya udongo kwa mikono yake, na siku ya picha anataka matofali hayo hayo yafutwe. Niliwapiga picha wangapi Area 47 na Area 18 mbele ya mageti ya watu wasiowajua, wameegemea gari ambalo mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba anakula nsima! Nikiinua kamera, mteja ananiambia, "Papa, usionyeshe mlinzi." Kwao Bukavu au Uvira picha ikifika, mama anawaambia majirani kwamba mwanawe amekuwa mkubwa Malawi. Nilizipiga nikicheka, mpaka alipokuja Deo.

Deo alitoka Bukavu, na kama hukujua hivyo angekuambia kabla hujauliza. Alikuwa na diploma, alifundisha Kifaransa watoto wa wafanyabiashara mjini, na aliimba kwenye kwaya kwa sauti nzuri kabisa, siwezi kumnyima hilo. Alikuwa pia na suti ya rangi ya maziwa ambayo aliivaa akizunguka madimbwi kama paka. Mchumba wake aliitwa Riziki, mshonaji, mtoto wa wakulima wa Fizi. Vita vilimchukua baba yake. Mama yake alibaki Uvira pamoja na wajomba, na tangu Riziki avuke ziwa walikuwa hawajaonana. Barabara za kule hazikupitika; wenye bunduki walibadilika kila msimu na kila waliokuja walikuwa na kizuizi chao.

Riziki alimpenda Deo waziwazi. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuingia kanisani, nacho kilikuwa baraka ya mama yake. "Sina baba, sina nyumba ya kwetu," aliniambia, mguu unaendelea kukanyaga cherehani. "Neno ya mama njo kintu moja nilibakia nayo. Sitaolewa bila ile neno." Mchungaji naye alisema hivyo hivyo: wajomba waseme ndiyo kwa simu, ndipo afunge ndoa.

Sasa, hapa kambini tulikuwa tumejitengenezea desturi yetu. Msichana akiwa hana wazazi karibu, mzee wa kwao hupokea mahari kwa niaba yao. Na kwa kuwa wa kwao hawakuwepo kuona, tunapiga picha: mzee anasimama nyuma ya msichana, anaweka mkono begani mwake, na mkono wa pili anashika kilicholetwa. Picha hiyo inatumwa kwao. Wakiiona wanajua ni nani aliyemshika mtoto wao, na kesho akipigwa au akifukuzwa wanajua mlango wa kugonga. Picha ya namna hiyo ni shahidi, na shahidi hakatwi miguu.

Kwa Riziki alisimama mzee Wilondja, jirani yake, mtu wa mlima mmoja na baba yake. Alikuja na buti za mpira, maana alitoka bustanini kwake, na koti ambalo mfuko mmoja ulikuwa umeshaaga. Deo alileta mbuzi, jembe na blanketi ya mama. Nikawapanga mbele ya nyumba ya mzee. Mkono wa kulia wa mzee begani mwa Riziki, mkono wa kushoto kwenye kamba ya mbuzi, Deo upande wa pili na suti yake. Deo alikuja na kadi yake mwenyewe ya kamera, aliyotumiwa na ndugu, akataka picha ziingie humo. Nikapiga, nikampa kadi yake, nikala mbuzi pamoja na wengine. Alikuwa mtamu.

Deo akaenda na kadi mjini, kwenye duka moja la kuchapa karatasi kule Area 49, akakaa na mwenye kompyuta, akaanza kazi ya kusafisha maisha yake. Akakata ukuta wa matofali. Akakata ndoo za maji. Akakata mbuzi, jembe na buti. Akamkata mzee Wilondja mzima mzima. Ila mkono wa mzee ulikuwa umekaa begani mwa Riziki, na bega lile lilihitajika, basi mkono ukabaki. Vidole vizee vinne vyenye udongo kwenye kucha, vinatokea ukingoni mwa picha, vimeshika gauni. Picha hiyo ndiyo aliyoituma Uvira kwa barua pepe, kwenye kafe ya intaneti alikofanya kazi mtoto wa mjomba.

Niliposikia kilichofuata nilikuwa kwenye kibanda cha Riziki, nimepeleka suruali. Simu ikaita. Alikuwa mjomba mkubwa, na sauti yake haikuhitaji spika, ingawa Riziki aliiweka.

"Riziki! Huu mukono ni ya nani?"

"Ni ya muzee Wilondja, jomba."

"Wilondja mwenyewe eko wapi?"

Riziki hakuwa ameiona picha. Akanitazama mimi, nami nikainua mabega. "Eko... pengine eko inje ya foto, jomba."

"Inje ya foto anafanya nini? Tulituma mutu apokee mali, tunaona kidole. Mbuzi haiko. Jembe haiko. Riziki, sisi hatuozeshe mutoto yetu ku mukono!"

Nilicheka, nakiri, niliuma suruali yangu ili nisisikike. Kisha mjomba akashusha sauti, na hapo kicheko kikanikauka.

"Mama yako alishika hii foto, akalia. Anasema, mutoto yangu balimushika. Anasema yule kijana wa veste anacheka tu, na we kuna mwanaume anakushika ku bega, amejificha uso. Hataki kusema kintu. Anauliza kama uko muzima."

Ninyi mmezaliwa hapa, kwa hiyo lazima niwaeleze. Kule kwetu miaka ile, msichana aliyeshikwa bega na mwanaume asiyeonyesha uso hakuwa bibi harusi. Wasichana walichukuliwa njiani, shambani, kisimani, na wengine hawakurudi. Mama yule alikuwa ameyaona hayo kwa majirani zake. Sasa alitazama karatasi iliyochapwa kwa wino mweusi, na alichokiona ni mkono wa mtu umemshika mwanawe. Nilimhurumia. Riziki alimhakikishia mjomba kwamba ni mzima, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, lakini mjomba alisema mama ataamini akiona uso wa aliyemshika. Bila hivyo, hakuna baraka.

Deo alipoambiwa, alishangaa kwa dhati.

"Mais mukono iko!" akasema. "Nilibaachia mukono. Banataka nini tena?"

"Wanataka mzee," nikamwambia.

"Papa Bahati, ule muzee na zile buti? Ku foto ya mariage?" Akafikiri kidogo, diploma ikafanya kazi yake. "Bon, tukate na mukono."

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Ukikata mkono, unaondoka na bega, unaondoka na sikio na nusu ya shavu la Riziki. Nikamwambia arudishe picha ya kwanza, ile nzima. Akanijibu kwamba picha ndiyo hiyo. Mwenye duka alikuwa amehifadhi iliyokatwa juu ya nzima, kwa jina lile lile, kwenye kadi ile ile. Chini yake hapakuwa na kitu. Vijana, hili likiingia kwenye vichwa vyenu leo, sijapoteza mate yangu bure: kabla hujakata, tengeneza nakala, ukate nakala. Picha ya kwanza haiguswi, hata akija mwenyekiti wa kambi na kipanya chake.

Ikabidi tupige upya, na hapo shida mbili zikasimama mlangoni. Ya kwanza, mbuzi tulikuwa tumemla. Ya pili ilikuwa mzee Wilondja mwenyewe, ambaye habari zilikuwa zimeshamfikia, kwa maana hapa Dzaleka habari hazipandi kabaza, zinaruka. Tulimkuta mimi na Deo anapalilia mahindi. Hakuinua kichwa.

"Mi niko inje ya foto," akasema. "Njo munaniona hapa inje."

"Muzee, ilikuwa erreur ya mashine," Deo akaanza.

"Mashine ilijua kuchagua. Ilikata mi na mbuzi, ikakuacha we na veste." Akapiga jembe. "Na hata nikikubali, nitashika mbuzi gani? Munataka niazime mbuzi ya mutu niseme bongo, nidanganye bajomba ba mutoto? Kwendeni."

Tukaenda. Deo alijaribu kumtuma mchungaji, mzee akamkaribisha chai na kumzungumzia mvua. Mwishowe akaenda Riziki, nami nikamfuata kwa sababu kamera ilikuwa kwangu na, sitawaficha, kwa sababu nilitaka kuona. Hakumbembeleza. Alikaa chini kwenye tuta akamwambia tu jinsi mama yake alivyoushika ule mkono kwenye karatasi, na alichofikiri.

Mzee akaacha kupalilia. "Mama yako alifikiri vile? Ya mukono yangu?"

"Ndiyo, papa."

Akautazama mkono wake, juu na chini, kama kitu alichoazimwa. Kisha akaingia ndani akavaa lile koti, akapanda kwenye kigogo na kushusha kitu kutoka kwenye paa. Ilikuwa ngozi ya yule mbuzi, imekauka imekuwa ngumu kama sinia. "Hii haiseme bongo," akasema. Sharti lake lilikuwa moja, akae katikati, kwenye kiti.

Basi tukampanga katikati. Riziki mbele yake chini, mkono begani, uso wa mzee juu yake umekunjamana wazi kabisa, ngozi ya mbuzi imesimama gotini, jembe na blanketi pembeni. Deo akasimama ukingoni na suti yake, anatazama pembeni mahali ambapo pangekuwa na gari. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mpaka nyumba yote ikaingia, na matofali, na ndoo za maji, na buti. Nilipitisha jicho kwenye pembe zote. Hakuna nilichotaka kutoa.

Tukaenda Lilongwe sisi watatu, kwa Bambo Mbewe, ili ichapwe vizuri na kutumwa kwa barua pepe ikiwa nzima. Safari hii kadi ilikuwa yangu. Riziki alibaki mbele anatazama picha za ukutani na kumweleza Bambo Mbewe habari ya ngozi, naye Bambo Mbewe anacheka mpaka anashika kaunta. Mimi na Deo tukakaa nyuma kwenye kompyuta. Picha ikafunguka. Nilikuwa tayari kuituma, Deo akaniinamia sikioni.

"Papa Bahati. Hii yote, ya Uvira. Unifanyie na ingine ya kwetu Bukavu."

"Ya namna gani?"

Akaweka kidole kwenye kioo na kukishusha taratibu, kutoka juu mpaka chini. Kilipita kati ya bega lake na bega la Riziki. "Ukate hapa."

Nikafuata kidole kwa kipanya. Mnajua programu ile inavyofanya: sehemu itakayobaki inang'aa, sehemu itakayotupwa inaingia giza na kungoja. Deo akang'aa peke yake na suti yake. Mzee kwenye giza, ngozi kwenye giza, Riziki kwenye giza.

"Na Riziki?" nikauliza.

"Dada yangu mukubwa hajajua. Kule banajua niko na bureau, ofisi yangu, hapa Area 47. Na habapendake bantu ba Fizi, papa, unabajua bantu ba Bukavu. Nitabaambia polepole. Kisha mariage."

Ningeweza kumhubiria. Nilikuwa na maneno mengi tayari, mengine ya Kifaransa. Lakini mimi si mchungaji, na kipanya hakikuwa mahali pa kuamua ndoa ya mtu mwingine. Mke wangu husema sauti yangu ya kawaida ni ya kuita mbuzi. Nikaitumia.

"Riziki! Njoo uone mahali pa kukata!"

Deo alinyoosha mkono afunge programu. Kipanya nilikuwa nacho mimi.

Riziki akaja, bado anacheka na Bambo Mbewe, akainama. Kicheko kilimtoka taratibu. Akaweka kidole kwenye sehemu ya giza.

"Huyu mu giza njo mimi?" akauliza.

"Riziki, ni ya muda tu," Deo akasema. "Ni juu ya dada. Paske unajua kwetu..."

"Dada yako anajua jina yangu?"

Deo akanyoosha kola ya suti.

"Anajua kama uko na muchumba?"

Deo akaanza sentensi ndefu ya Kifaransa. Bambo Mbewe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, akarudi mbele na kuanza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

Riziki hakulia. Nilimwona anashika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilijua anachokiacha. Alikuwa amemsubiri mama yake akubali, na mama angekubali akishaiona picha hii, na kanisa lilikuwa linangoja.

"Papa Bahati, ondosha ile giza," akaniambia. "Utume yote ku Uvira. Andika kama muzee Wilondja njo baba yangu hapa."

Nikairudisha picha nzima. Pande zote zikang'aa.

"Riziki, na dote yangu, mali nilileta?" Deo akauliza. Sauti nzuri ya kwaya ilikuwa imempotea.

"Jembe na blanketi utachukua. Mbuzi ulikula na we. Ngozi utaomba kwa muzee, kama atakupa."

Deo akatoka nje, akasimama kando ya barabara, anajipangusa vumbi la suti. Nikaandika ujumbe kama nilivyoagizwa. Kisha, mazoea ya kazi ni mabaya, nikamwonyesha Riziki ukingo wa picha, pale Deo alipokuwa bado amesimama anatafuta gari. Ni mkato mwepesi, haugusi kiungo cha mtu yeyote.

"Na huyu?" nikamwuliza. "Nimtoe?"

"Hapana, papa, umuache," akasema Riziki. "Umuache na biatu yake yote. Mama aone muzuri mwanaume mwenye nilikataa."